Kabla ya Propela Kufungwa: Niliyopitia na Droni Niliyoiunda Mwenyewe

Droni inayouzwa ikiwa tayari, ukiachia stiki za rimoti, husimama hewani palepale ilipo. Ndani yake mna GPS, kipima mgandamizo wa hewa, na mara nyingi kamera ndogo inayoitazama ardhi, vyote vikisaidiana kuishikilia mahali pamoja. Droni niliyoiunda kwa mikono yangu haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina jairo ya kupima mzunguko, akselerometa ya kuijulisha chini ni wapi, mota nne na betri. Naanza na tofauti hii kwa sababu wasiwasi wangu mwingi wa mwanzo ulitokana nayo: nilihangaika kutafuta ubovu pasipokuwa na ubovu, na ule uliokuwapo kweli ukanipita.

Nawaandikia walio na vipuri mezani na hawajui waanzie wapi, na wale ambao droni yao imekamilika lakini kila wakiinua stiki inapinduka na kutafuna majani. Najua hali hiyo inavyovunja moyo. Umejinyima, umesoma, umekesha ukilehemu, kisha kitu chenyewe kinajitupa ubavu na kuvunja propela kabla hata hakijapaa. Yangu iliponifanyia hivyo niliifungia kwenye boksi, na kwa muda sikutaka hata kuitazama.

Nilichokuja kukiamini ni hiki: karibu kila tatizo la mruko wa kwanza linaweza kuonekana mezani, propela zikiwa bado kwenye pakiti yake. Mtu akienda uwanjani aende kuthibitisha tu kwamba kila kitu kiko sawa.

Mota nne na bodi inayoziamini

Fremu yangu ni ya propela za inchi 5, umbo la X, na betri ya lipo (lithiamu-polima) yenye seli 4. Huu ni ukubwa ambao vipuri vyake vinapatikana kirahisi na walioutumia wameandika mengi, ila si mchezo wa mtoto. Ikishafungwa betri huzidi kwa mbali gramu 250, kiwango ambacho nchi nyingi hukitumia kuamua droni ipi lazima isajiliwe. Tazama sheria ya nchi yako kabla hujanunua chochote.

Mota mbili zilizo kwenye pembe zinazokabiliana huzunguka kwa mwendo wa saa, na mbili nyingine kinyume chake. Kila mota inapoizungusha propela upande mmoja, mwili wa droni husukumwa upande wa pili. Zikiwa mbili kwa mbili, misukumo hiyo hufutana na pua hubaki ilipoelekezwa. Droni ikitakiwa kugeuka, bodi, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza droni, huongeza kasi ya jozi moja na kupunguza ya jozi nyingine. Ikitakiwa kulala kulia, mota za kushoto huongezewa nguvu. Hakuna usukani wala bawa la kupinda. Kila kitu ni kasi ya mota nne tu, nayo hurekebishwa maelfu ya mara kwa sekunde kwa kusoma jairo.

Wazo lenyewe ni la zamani. George de Bothezat alirusha mashine yake ya rafadha nne nchini Marekani mwezi Desemba 1922, na Étienne Oehmichen akazunguka njia ya kilomita 1 nchini Ufaransa mwaka 1924. Mashine ya de Bothezat ilimlemea rubani, maana marekebisho yote yalimwangukia yeye. Leo mzigo huo umebebwa na bodi ndogo isiyozidi ukubwa wa kiberiti. Bodi hiyo huamini kila unachoiambia kuhusu mota ipi iko wapi na pua inaelekea upande gani. Ukiiambia uongo, hakuna wepesi wa vidole utakaoiokoa droni yako.

Lehemu, shoti na balbu

Nyaya ndogo za mota hazikunisumbua. Zilizonitoa jasho ni zile nene za betri, hasa upande wa hasi, kwa sababu sehemu hiyo ya bodi imeungana na shaba nyingi ndani na joto lote hukimbilia huko. Lehemu ya mchanganyiko wa 63/37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, lakini kwa kazi hii chuma cha kulehemu nilikipandisha hadi nyuzi 380 hivi, nikatumia ncha pana, na dawa ya kulehemu bila ubahili. Ncha nyembamba hata iwe na moto kiasi gani hupoa mara inapogusa.

Kiungo kizuri hung'aa na hutandaa hadi kingo. Kibaya hukaa juu kama tone lisilotaka kulowanisha. Nilikuwa na kimoja kilichoonekana kizuri kabisa kwa macho, nilipovuta waya kwa nguvu kidogo ukatoka mzima na lehemu yake. Kama ungeng'oka hewani, mota zote zingezimika kwa pamoja. Tangu hapo navuta kila waya ninaoulehemu, bila kujali unavyopendeza.

Kabla ya betri kuchomekwa kwa mara ya kwanza, weka multimita kwenye mlio wa kutafuta shoti, gusa chanya na hasi za kichwa cha XT60, yaani plagi ya betri. Mlio mfupi unaokatika si kitu, ni kapasita, kile kipuri kinachohifadhi umeme kidogo, inajijaza. Mlio usiokoma ni shoti, na betri ya lipo haina huruma kwa shoti. Pima pia kati ya nyaya za mota na fremu yenyewe, kwa sababu nyuzi za kaboni hupitisha umeme. Wengi huichukulia fremu kama plastiki.

Kisha chomeka betri kwa kupitia kizuia moshi. Kinauzwa, lakini balbu ya indiketa ya gari ikiunganishwa kwenye waya mmoja wa betri hufanya kazi ileile. Balbu ikimeta mara moja na kuzima, uko salama. Ikiwaka na kubaki inawaka, chomoa mara moja, maana mkondo mkubwa unapita mahali usipotakiwa. Mimi iliwaka. Kulikuwa na unywele wa waya uliochomoza kutoka kwenye kiungo kimoja cha ESC, yaani kile kidhibiti cha mwendo wa mota, ukagusa kiungo cha jirani. Nilikaa kimya nikiitazama ile balbu, nikifikiria ni vipuri vingapi vingeungua kama ingekuwa betri moja kwa moja.

Kapasita usiiruke. Ya volti 35, kati ya mikrofaradi 470 na 1000, ikilehemiwa karibu kabisa na nyaya za betri, hupunguza miruko ya umeme inayotokea mota zinapopunguza kasi ghafla. Miruko hiyo huvuruga jairo na inaweza kuua ESC. Mstari uliochorwa ubavuni mwa kapasita ni upande wa hasi. Ukiigeuza, inapasuka.

Vipimo vya mezani

Hapa ndipo ningeomba msomaji atulie kuliko sehemu nyingine yoyote.

Unganisha bodi na kompyuta kwa USB na uangalie picha ya droni kwenye skrini. Mimi nilitumia Betaflight, programu ya kuipanga bodi. Geuza droni pua yake itazame mbele, mbali nawe, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha picha kwenye mwelekeo wa mwanzo, la sivyo utadhani unaona kosa lisilokuwapo au hutaliona lililopo. Sasa inamisha pua: picha iiname pua. Laza kulia: ilale kulia. Zungusha pua kulia: izunguke kulia. Yote matatu. Bodi ina mshale unaoonyesha mbele, na watu wengi huifunga ikiwa imegeuzwa ili tundu la USB lifikike kirahisi. Hakuna ubaya, mradi uiambie programu imegeuzwa nyuzi ngapi.

Kisha mota. Propela zisiwepo. Sisemi hivi kwa mazoea tu: mota ya ukubwa huu ikiamka kwa bahati mbaya huku propela imefungwa, hukata nyama hadi mfupa. Chomeka betri, na kwenye ukurasa wa mota izungushe moja baada ya nyingine. Kwa Betaflight, mota ya 1 ni ya nyuma kulia, ya 2 mbele kulia, ya 3 nyuma kushoto, ya 4 mbele kushoto. Katika mpangilio wa kawaida, ya 1 na ya 4 huzunguka kwa mwendo wa saa, ya 2 na ya 3 kinyume. Kujua upande inakozunguka, gusisha kipande cha karatasi ubavuni mwa mota na uone kinasukumwa wapi. Inayozunguka vibaya hurekebishwa kwa kubadilishana nyaya zake zozote mbili kati ya tatu, au siku hizi kwa programu bila kulehemu upya.

Nilipima upande wa mzunguko nikaridhika. Namba za mota sikuzipima, na hilo ndilo lililoniangusha. Bodi ya ESC nilikuwa nimeigeuza nyuma mbele ili waya wa betri utokee nilikotaka, kwa hiyo mota zote nne zilikuwa zimebadilishana namba bila mimi kujua. Upande wa mzunguko ulibaki sahihi, kwani kila mota ilizunguka sawa na ya pembe inayoikabili. Fikiria kilichotokea uwanjani: droni inalala kushoto kidogo, bodi inaongeza nguvu kwenye mota inazodhani ni za kushoto, kumbe ziko kulia. Inalala zaidi. Bodi inaongeza zaidi. Chini ya nusu sekunde droni iko mgongoni. Ukiona droni inapinduka mara tu inapoachana na ardhi, na kila mara inapinduka kwa namna ileile, usiguse kitu kingine kabla ya kupima tena haya mawili: mwelekeo wa bodi na namba za mota. Cha tatu ni propela zilizofungwa kwenye mota zisizo zake.

Jambo jingine la mezani huwatisha wengi pasipo sababu. Ukiamsha mota bila propela na kuinua stiki ya nguvu kidogo, utaziona mota zikipanda kasi zenyewe, wakati mwingine hadi juu kabisa, hata ukirudisha stiki chini hazishuki upesi. Hilo si ubovu. Bodi inajaribu kusahihisha mlalo mdogo inaouona, lakini bila propela hakuna kinachosogea, basi inazidi kuongeza. Mimi nilibadilisha vitu kadhaa nikitafuta dawa ya ugonjwa huo kabla ya kuelewa kwamba haupo.

Rimoti na kipokezi vina mitego yao. Waya wa kutuma wa kipokezi huenda kwenye tundu la kupokea la bodi, na wa kupokea huenda kwenye la kutuma. Ukiviunganisha kwa majina yanayofanana, hakuna kitakachosikika. Stiki zikishaonekana kwenye skrini, hakikisha kila moja inasogeza mstari wake yenyewe, kati iwe 1500, na miisho ikaribie 1000 na 2000. Stiki ya nguvu ikiwa chini kabisa lazima isome chini ya 1050, vinginevyo Betaflight itakataa kuamsha mota.

Na kukataa kwenyewe kuna maana. Niliwahi kuhangaika jioni nzima na droni isiyotaka kuamka, kumbe bodi ilikuwa na jibu tayari. Ukiandika neno status kwenye ukurasa wa amri, itakutajia sababu: stiki haiko chini, droni imeinama sana, kipokezi hakisikiki, au kwamba bado imeunganishwa na programu kwenye kompyuta. Ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa yangu. Hakukuwa na cha kutengeneza hata kidogo.

Mwisho mezani, zima rimoti huku mota zinazunguka, propela zikiwa zimetolewa. Mota lazima zisimame baada ya muda mfupi. Zikiendelea, huenda kipokezi chako kimepangwa kurudia amri ya mwisho iliyosikika mawimbi yanapopotea, na bodi haitajua kamwe kwamba umepotea. Droni ya namna hiyo inaweza kwenda zake na kuangukia watu. Usiirushe mpaka hili limekaa sawa. Ndiyo maana pia rimoti huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho.

Kama umefunga kifaa cha kurusha video, kiwe na antena yake kila kinapopata umeme. Bila antena kinaweza kuungua kikiwa kimetulia tu mezani.

Kuachana na ardhi

Propela ni mbili za aina moja na mbili za aina nyingine. Maandishi hutazama juu, na ukingo ulioinuka ndio unaotangulia kukata hewa. Nati ziwe zenye pete ya nailoni ndani, na ukishafunga jaribu kuzungusha propela huku umeishika mota: ikiteleza, kaza.

Nilichagua uwanja wa majani, asubuhi isiyo na upepo, pasipo watu wala mifugo. Weka droni mahali tambarare, pua ikitazama mbali nawe, urudi nyuma hatua kadhaa. Tumia hali ya kujisawazisha, ile ambayo ukiachia stiki droni hurudi kuwa sawa. Kidole kimoja kiijue swichi ya kuzima mota kama kinavyojua njia ya mdomoni. Nilikaa ndani nikizoeza kidole hicho kabla ya kutoka, na hakuna zoezi lililoniokolea vipuri vingi kama hilo. Droni ikiinama vibaya, zima. Kuanguka kutoka urefu wa goti juu ya majani hakuna hasara. Mota zinazoendelea kuzunguka huku propela zimekwama ardhini ndizo zinazoungua pamoja na ESC zake.

Hofu ilinifanya niinue stiki polepole sana, na huo ni ushauri mbaya ambao mwili hujipa wenyewe. Droni ikiwa imegusa ardhi haiwezi kujisawazisha, bodi hujilimbikizia masahihisho, na chini kabisa hewa inayosukumwa na propela hudunda ardhini na kuiyumbisha. Inua kwa uthabiti hadi usawa wa kifua. Huko juu, kwa mshangao wangu, ilitulia. Ile ya kutapatapa karibu na majani na ile ya mita moja na nusu juu zilikuwa kama droni mbili tofauti. Moyo ulinienda mbio, mikono ikatetemeka, na nilipoitua salama nilikaa chini kwenye majani nikicheka peke yangu.

Tatizo jingine ni nguvu. Droni ya inchi 5 huelea stiki ikiwa robo tu au zaidi kidogo, kwa hiyo sehemu yote iliyobaki ni ya kupaa. Anayeanza akishtuka husukuma stiki na droni huwa juu ya miti. Betaflight ina kipengele cha kuwekea nguvu kikomo kwa asilimia. Nilikitumia na sioni aibu kumshauri mtu yeyote akitumie mpaka vidole vipate utulivu.

Kisha inaanza kusogea. Hapa nilirudi nyumbani nikiamini nina ubovu, nikasawazisha akselerometa tena na tena. Ukweli ni kwamba droni isiyo na GPS hujiweka sawa tu, haijui iko wapi, na upepo mdogo huichukua. Kuna njia rahisi ya kutofautisha. Igeuze pua upande mwingine ikiwa hewani. Ikiendelea kusogea kuelekea upande uleule wa uwanja, huo ni upepo. Ikibadilisha uelekeo kufuatana na pua, basi akselerometa haikusawazishwa mahali tambarare, na meza unayoiamini huenda imeinama.

Mota iliyokwama na namba nilizonakili

Baada ya miruko michache mizuri, sauti ilibadilika. Nikiongeza nguvu, mota ya nyuma kulia ilikwama kwama kwa mgutuko mfupi na droni ikajizungusha kidogo. Ilipotua, mota tatu zilikuwa vuguvugu, hiyo moja haikushikika.

Kosa la namna hii linaweza kuwa kwenye mota, kwenye ESC, kwenye lehemu, au kwenye mipangilio, na kubahatisha ni gharama. Nilihamisha mota hiyo kwenye ESC ya jirani, na ya jirani nikaileta kwake, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Ukwamaji ukahama pamoja na mota. ESC ikaondolewa lawama kwa jaribio moja. Kama ungebaki palepale, mota ndiyo ingekuwa imeachiwa huru. Mbinu hii nimeitumia tangu hapo kwenye nyaya, kwenye vipokezi, hata kwenye betri, na inafaa mradi ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati.

Nilipoifungua mota nikaona sababu. Skrubu zinazoishikilia kwenye mkono wa fremu zilikuwa ndefu kuliko unene wa mkono ulivyohitaji, na ncha ya moja ilikuwa imefika kwenye koili na kukwangua rangi inayozikinga waya za shaba. Ilipopata joto na mtetemo ikawa inapiga shoti kidogo kidogo. Mota hiyo haikurekebishika. Kwa hiyo kabla ya kukaza mota yoyote, ingiza skrubu, kisha chungulia kwa tochi ubavuni uone ncha imeishia wapi. Lazima kubaki nafasi. Multimita nayo husaidia: gusa waya mmoja wa mota na skrubu, isilie.

Kulikuwa pia na mtikisiko mdogo wa haraka, unaosikika kama mkwaruzo, hasa wakati wa kushuka. Nikafanya kama wengi wanavyofanya, nikanakili namba za PID, zile zinazoiambia bodi isahihishe kwa nguvu kiasi gani, za mtu mwingine mwenye fremu inayofanana na yangu. Mota zikazidi kuwa moto. Sehemu ya D katika hesabu hiyo hujibu mabadiliko ya ghafla, kwa hiyo mtetemo wowote unaoifikia jairo nayo huukuza na kuutuma kwenye mota kama amri. Namba za mtu mwingine zilikuwa za mitetemo ya droni yake. Nilirudisha namba za asili na kutafuta chanzo, nikakipata: nyaya za betri zilikuwa zinaegemea bodi na kuipelekea kila mtetemo wa fremu, na propela moja ilikuwa na pengo dogo ukingoni. Nilizifunga nyaya pembeni, nikahakikisha bodi imekaa juu ya vipira vyake bila kubanwa, nikabadilisha propela. Mkwaruzo ukaisha bila kugusa namba hata moja. Mwenye droni ya kwanza aziache hizo namba kwa muda mrefu kuliko anavyotamani.

Betri

Seli ya lipo ikijaa huwa na volti 4.2, kwa hiyo betri ya seli 4 ni volti 16.8. Anza kutua seli ikikaribia volti 3.5. Chini ya volti 3.0 unaiharibu moja kwa moja. Volti hushuka unapovuta nguvu nyingi na kupanda tena ukipunguza, hivyo usishtuke na namba ya sekunde moja, sikiliza mwenendo. Linganisha pia volti inayoonyeshwa na bodi na ile ya multimita. Yangu ilikuwa inasoma juu kuliko ukweli, na betri moja iliumia kabla sijagundua.

Chaji kwa kusawazisha seli, kwa mkondo usiozidi uwezo wa betri: ya mAh 1500 ichajiwe kwa ampea 1.5. Iwe juu ya kitu kisichoshika moto, nawe ukiwapo. Usipoirusha kwa siku kadhaa, ihifadhi kwenye volti 3.8 kwa seli. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inashika chaji. Hili sitaki kulibishania na mtu, moto wa lipo ni mkali na hauzimiki kirahisi.

Kujifunza kuelea, na baada ya kuanguka

Elea pua ikiwa mbali nawe mpaka uchoke, kisha upande, na mwisho kabisa pua ikikutazama, ambapo kulia na kushoto hubadilishana na akili hukataa kutii. Programu ya kuigiza urukaji kwenye kompyuta, ukitumia rimoti yako halisi, hufundisha hilo bila kuvunja kitu. Ningeianza kabla hata ya kulehemu.

Utaanguka. Zima mota kwanza, chomoa betri kabla ya kitu kingine chochote, kisha kagua. Pitisha ukucha ukingoni mwa kila propela. Zungusha kila mota kwa kidole, yenye majani au mchanga ndani utaihisi ikikwaruza. Shika kila mkono wa fremu ukiusukuma juu na chini, ufa wa kaboni husikika kabla haujaonekana. Tazama ngozi ya betri kama imetobolewa, na ikiwa imetobolewa iweke nje, mbali na kila kitu, uisubiri muda mrefu kabla ya kuirudisha ndani. Mota iliyopinda mhimili usiinyooshe kwa nyundo. Hata ikionekana imenyooka, mtetemo wake utaifikia jairo na utarudi kuhangaika na namba za PID ambazo hazina kosa.